Bawa zito kwenye njia ya Tabora na Abercorn

  Wiki hii vimbweta vyote hapa Mlimani vimejaa watu na madesa yao, lakini leo sizungumzii mitihani. Leo ni historia, na historia yenyewe ni ya angani, tena juu ya paa za kwetu Ufipa.

Fanyeni jambo moja dogo. Tafuteni ramani na rula. Wekeni ncha moja ya rula Tabora, ncha nyingine Mbala, ule mji wa Zambia ambao enzi za Mwingereza uliitwa Abercorn. Choreni mstari. Utaona unapita karibu kabisa na Sumbawanga, halafu unaendelea kusini unapita karibu na Matai. Matai, jamani! Pale pale makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, ambapo wengi wenu mnapajua kwa mahindi, maharage na baridi ya mwezi wa sita tu. Mstari huo una urefu wa kama kilomita 450, na katika miaka ya 1920 ulikuwa kipande cha barabara kuu ya anga kati ya Cairo na Cape Town. Kabla Mfipa mwingi hajaona lori, alishasikia mngurumo juu ya kichwa chake.

Sasa, watu wakisimulia habari za marubani wale husimulia ushujaa: simba, mafuriko, homa, injini kuzima. Mimi nataka kusimulia kitu kidogo ambacho hakiingii kwenye sinema. Kinaitwa bawa zito. Ni ugonjwa mdogo, lakini ulikuwa unakula mafuta, na katika njia ile mafuta ndiyo yalikuwa uhai.

Bawa zito ni nini?

Maana yake si kwamba bawa moja lina kilo nyingi kuliko lingine. Maana yake ni kwamba ndege ikiwa imenyooka vizuri, hewa imetulia, rubani akiachia usukani ndege inaanza kulalia upande mmoja, polepole, kama baiskeli iliyofungwa debe la mahindi kushoto na kulia hakuna kitu. Bawa linaloshuka ndilo linaloitwa zito.

Nyie mliosafiri na basi la zamani mnanielewa. Unakuta dereva kashika usukani umepinda, lakini gari linakwenda sawa. Gari linavuta upande. Dereva anaweza kulizuia kwa mkono kutwa nzima, na abiria wa nyuma asijue kitu. Lakini tairi zinalika, mafuta yanaliwa, na bega la dereva linauma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndiyo?

Kwenye ndege hasara inakuja kwa njia ya ukinzani wa hewa, yaani ile nguvu ya hewa inayoivuta ndege nyuma kama mtoto anayemvuta mama yake gauni. Fuatilieni mnyororo huu kwa sababu ndio moyo wa habari yote.

Bawa la kushoto linashuka. Rubani anasukuma usukani kulia. Nyuma ya kila bawa, karibu na ncha, kuna kipande kinachochezacheza kinaitwa eleroni. Ya kushoto inashuka chini kulinyanyua bawa, ya kulia inapanda juu. Sawa, bawa limenyanyuka. Lakini eleroni iliyoshuka inaongeza ukinzani upande wa kushoto kuliko ile iliyopanda inavyoongeza kulia, kwa hiyo pua ya ndege inavutwa kushoto. Rubani anakanyaga pedali ya kulia kurudisha pua. Sasa usukani wa mkia nao umepinda. Akikosea kidogo tu kipimo cha mguu, ndege nzima inakwenda ubavu-ubavu kama kaa, na mwili wake mpana unapigwa na upepo. Tulianza na bawa moja, tumemaliza na ndege nzima imekaa vibaya hewani. Rubani ametibu dalili, ugonjwa bado upo.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Tuchukulie ndege ndogo ya wakati ule inakwenda kilomita 130 kwa saa. Kilomita 450 ni kama saa 3 na dakika 28. Tuseme, kwa mfano tu, kupindapinda kule kunapunguza mwendo kwa asilimia 3. Safari inakuwa saa 3 na dakika 34. Utasema, dakika 6 kitu gani? Subiri uongeze upepo wa mbele. Subiri uongeze wingu lililokufanya uzunguke. Halafu kumbuka chini yako ni miombo, mabonde ya Rukwa na ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na hakuna kituo cha mafuta njiani. Dakika 6 zinaweza kuwa tofauti ya kutua uwanjani na kutua juu ya mti.

Njia yenyewe ilivyofunguliwa

Vita Kuu ya kwanza ilipoisha, Waingereza walituma makundi matatu ya wapimaji kutafuta viwanja vya ndege kutoka Cairo hadi Cape. Abercorn ukawa mmoja wa vituo. Kazi ya kusafisha viwanja hivyo mwaka 1919 ilifanywa na mamia ya vibarua Waafrika, na adui yao mkubwa hakuwa simba, alikuwa mchwa. Vichuguu! Kwa wale ambao hawajafika kwetu, kichuguu cha mchwa kinaweza kuwa kikubwa kuliko nyumba. Huko kusini, Ndola, ilibidi waondoe maelfu ya tani za udongo wa vichuguu ili kupata kiwanja kimoja. Majina ya vibarua wale hamtayakuta kwenye vitabu vya urubani.

Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini walipita njia hii. Waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari na kufika Cape Town tarehe 20 Machi, lakini kwa ndege tatu, maana mbili za kwanza ziliharibika njiani. Ndege nyingine kubwa iliyokodiwa na gazeti la The Times iliishia Tabora, ilianguka pale tarehe 27 Februari 1920. Nyingi kati ya hizo zilikuwa ndege kubwa za injini mbili zilizotokana na ndege za vita.

Halafu akaja Alan Cobham. Aliondoka Uingereza Novemba 1925 na kufika Cape Town Februari 1926 kwa ndege ya de Havilland DH.50 yenye injini moja. Alikuwa na mpiga picha, na alikuwa na fundi wake, Arthur Elliott. Shikeni jina hilo la Elliott, nitalirudia.

Ndege ndogo ya mtu mmoja mmoja

Mwaka 1925 huo huo, tarehe 22 Februari, iliruka kwa mara ya kwanza ndege iliyobadilisha mambo: de Havilland Moth. Ndogo, mabawa mawili juu na chini, mbao na kitambaa, injini ya nguvu za farasi 60. Kwa mara ya kwanza mtu binafsi mwenye pesa zake aliweza kununua ndege na kuiendesha mwenyewe.

Angalieni jinsi Moth ilivyopigana na bawa zito tangu ikiwa kwenye karatasi ya mchoro.

Kwanza, tanki la mafuta liliwekwa juu katikati, kati ya bawa la kushoto na la kulia. Mafuta yakipungua, yanapungua katikati. Hakuna upande unaobaki na mzigo. Rahisi namna hiyo! Ndege nyingi za baadaye zenye tanki ndani ya kila bawa zilileta tena tatizo hilo, kama tutakavyoona.

Pili, eleroni zake zilipangwa ili inayopanda ipande zaidi kuliko inayoshuka inavyoshuka. Kumbukeni nimesema inayoshuka ndiyo inayoleta ukinzani mwingi na kuivuta pua. Kwa hiyo hata rubani akilazimika kushikilia bawa, gharama yake inapungua. De Havilland hawakumwondolea rubani kazi, walimpunguzia bei ya kazi.

Tatu, na hapa ndipo ninapopapenda, mabawa yalishikwa kwa nguzo na waya. Kila waya ulikuwa na nyuzi za skrubu mwishoni. Fundi akizungusha kidogo, bawa linajikunja kidogo sana: ukingo wa nyuma unashuka au unapanda kwa kiasi ambacho jicho la mtu wa kawaida halioni. Bawa zito likishushwa ukingo wa nyuma, linaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi kidogo, linapata nguvu zaidi ya kuinua, na linaacha kuwa zito. Bawa jepesi unaweza kulifanyia kinyume. Uzito wa ndege haujabadilika, jumla ya nguvu inayoinua haijabadilika, umeigawa upya tu kati ya kushoto na kulia. Eleroni zinarudi kukaa sawa na bawa, pedali inarudi katikati, hewa inapita bila kugombana na kitu. Ndiyo maana dawa hii inakula mafuta kidogo kuliko zote: inagusa chanzo.

Mwenzangu wa chumba anasoma uhandisi, na tulipokuwa tunabishana juu ya hili akanitupia swali: "Kama ni rahisi hivyo, kwa nini wasizungushe tu mpaka iishe?" Swali zuri. Kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni injini. Injini ikizungusha pangaboi upande mmoja, mwili wa ndege unataka kuzunguka upande wa pili. Nguvu hiyo inabadilika ukiongeza au kupunguza mafuta. Kwa hiyo fundi anaweza kuinyoosha ndege kwa mwendo mmoja tu. Lazima achague. Mafundi wengi walichagua mwendo wa safari, kwa sababu huko ndiko ndege inakomaa saa nyingi na huko ndiko mafuta yanaliwa. Wakati wa kupaa na kutua, rubani atashika mwenyewe.

Ya pili ni ya hatari. Bawa lililopewa pembe kubwa ndilo linalochoka kwanza ndege ikipunguza mwendo sana. Ukizidisha dawa, utakuwa na ndege tulivu angani, lakini ikiwa mita chache juu ya kiwanja, taratibu, inaangusha bawa moja ghafla. Umehamisha ugonjwa kutoka mahali pa gharama kwenda mahali pa kifo.

Na hili kwetu nyanda za juu lina uzito wake. Tabora iko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari. Ufipa na Mbala ni zaidi ya mita 1,600. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya pwani, na mchana wa jua inakuwa nyepesi zaidi. Ndege inatua ikiwa inakwenda kasi kuliko rubani anavyohisi, na inahitaji kiwanja kirefu. Aprili 1928 Lady Mary Bailey, aliyekuwa anakwenda Cape Town peke yake na Moth yake, alivunja ndege akitua Tabora. Yeye alitoka mzima, ndege ikawa imekwisha. Mume wake, tajiri wa Afrika Kusini, alimpatia Moth nyingine, na tarehe 30 Aprili akafika Cape Town. Fikirini rubani aliyezoea ndege moja kwa maelfu ya kilomita, anakabidhiwa nyingine ya aina ile ile. Kwa karatasi ni pacha. Kwa mkono si pacha, maana kila ndege ya waya ina tabia aliyoipa fundi wake.

Nzige wa Rukwa

Msidhani mambo haya yaliishia kwa Wazungu matajiri wanaopita. Yalitufika mpaka mashambani.

Bonde la Ziwa Rukwa ni moja ya mazalia makuu ya nzige wekundu. Janga lililoanza karibu mwaka 1930 na kuendelea mpaka katikati ya miaka ya 1940 lilitapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta. Ndipo mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, na makao yake yakawekwa wapi? Abercorn! Jirani kabisa na kwetu, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya. Kutoka pale ndege ndogo zilikuwa zinashuka bondeni Rukwa kutafuta makundi ya nzige na kunyunyiza dawa.

Kazi hiyo ni ya kuruka chini, karibu na majani, saa nyingi, kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Hapo bawa zito si suala la mafuta tu. Rubani anatazama nzige, anatazama mti, anatazama moshi kuona upepo unakwenda wapi. Mkono unaopigana na usukani saa 3 ni mkono uliochoka, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya mkono kuchelewa. Halafu kila tone linaloliwa na ukinzani ni eneo la mbuga ambalo hutalifikia siku hiyo. Kundi ulilolikosa leo kesho lina mabawa.

Vita hiyo haikuisha. Shirika lililorithi kazi hiyo lilihamia Ndola, na mwaka 2009 nzige wekundu walipozaliana tena hapa Tanzania, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kutibu kama hekta 10,000 katika mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Safari ile walitumia kuvu anayeua nzige badala ya sumu peke yake. Dawa ilibadilika, lakini bado ilibidi mtu aruke.

Enzi ya bati na spana

Baada ya Vita Kuu ya pili ndege za waya zilianza kupisha ndege za bati. Hizi ndizo mlizozizoea: bawa moja juu, nguzo moja kila upande, magurudumu hayakunjwi. Madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walifika hospitali za mbali kwa ndege ndogo. Wahifadhi wa wanyama walitumia Piper Super Cub na Cessna. Waya za kuzungusha hazikuwepo tena. Je, bawa zito lilikwisha? Wapi!

Kwenye Super Cub nguzo ya nyuma ya bawa ina nyuzi za skrubu mwishoni: ukiirefusha au kuifupisha, bawa linajikunja kama lile la Moth. Kwenye Cessna nyingi za nguzo, bolti inayoshika sehemu ya nyuma ya bawa kwenye mwili wa ndege imepita ndani ya bushi ambayo tundu lake halipo katikati. Fundi akilegeza bolti na kuzungusha bushi, ukingo wa nyuma wa bawa unapanda au unashuka kidogo. Wazo ni lile lile la mwaka 1925, limevaa nguo mpya.

Lakini kuna njia ya mkato, na njia ya mkato haijawahi kukosa wateja. Nyuma ya eleroni unabandika kibati kidogo. Bawa la kushoto likiwa zito, kibati cha eleroni ya kushoto unakikunja juu kidogo. Upepo unakisukuma chini, nacho kinaishusha eleroni, bawa linanyanyuka. Rubani anapumzika, hashiki kitu. Dakika mbili kazi imekwisha, anasifiwa fundi.

Ila tazama vizuri kilichotokea. Eleroni bado zimepinda, pua bado inavutwa, na juu yake umeongeza kibati kilichosimama kwenye upepo maisha yote ya ndege. Mkono wa rubani umepata likizo, lakini ukinzani haujaondoka. Umeajiri kibarua wa kudumu afanye kazi ambayo haikupaswa kuwepo. Kibati si dhambi, ndege nyingine inakihitaji kumalizia tofauti ndogo iliyobaki. Ila kinatakiwa kuja mwisho, baada ya mengine yote. Na utaratibu wa mafundi wazuri, nilivyouelewa, ni huu.

Kwanza pima asubuhi hewa ikiwa imetulia, kwa mwendo wa safari, matanki yakiwa sawa na watu wamekaa sawa. Maana mara nyingi bawa zito ni mafuta tu. Lita 40 za ziada upande mmoja ni karibu kilo 29, na tanki likiwa mbali na katikati, kilo hizo zinavuta kama mtu aliyening'inia kwenye tawi. Kwenye Piper Cherokee rubani huchagua tanki moja moja, kwa hiyo asipobadilisha kwa wakati analitengeneza bawa zito mwenyewe. Ugonjwa huo hauhitaji spana, unahitaji saa.

Pili, angalia kijipira kwenye dashibodi kinachoonyesha kama ndege inakwenda ubavu. Ikiwa pua imevutwa pembeni, bawa moja linatangulia na kupata nguvu zaidi, jingine linaonekana zito kumbe halina kosa. Nyoosha mkia kwanza.

Tatu, angalia kama vipande vya nyuma ya bawa vya kutulia vimefunga sawasawa pande zote mbili, na eleroni zote zimekaa sawa na bawa. Kipande kimoja kikining'inia kidogo upande wa kulia, kinainua kulia, na lawama zinakwenda kushoto.

Nne, ndipo uguse bushi au nguzo, kidogo kidogo, ndani ya mipaka ya mtengenezaji, ukijaribu angani kila mara. Na ujaribu pia mwendo wa taratibu ukiwa juu sana, uone kama haiangushi bawa.

Tano, kama bado kuna tofauti ndogo, kibati.

Ukitazama, orodha hiyo inakwenda kutoka kwa dawa isiyo na gharama ya ukinzani mpaka yenye gharama. Ni kazi ya fundi mwenye leseni, msije mkaenda kiwanjani na spana ya baiskeli mkasema mimi nimewatuma.

Bawa lililoanza leo

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la huzuni. Bawa zito la tabia, lile ulilolijua tangu mwezi jana, ni tofauti na bawa lililokuwa zima asubuhi na mchana likawa zito. La kwanza ni matengenezo. La pili ni kengele.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja kuhesabu wanyama Serengeti kwa ndege ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia kama pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi aligonga bawa la kulia, bawa likaharibika na usukani ukakwama. Ndege ikaenda chini. Alikuwa na umri wa miaka 24, na kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Hapo hakuna waya, bushi wala kibati ambacho kingesaidia. Lakini rubani anayeijua ndege yake ikiwa imenyooka kweli, bila kushikiliwa na kitu, ndiye anayehisi mapema kwamba kuna kilichobadilika. Aliyezoea kuiburuza ndege mbovu kila siku, siku ya kengele atadhani ni kawaida yake.

Nilisema shikeni jina la Elliott. Julai 1926, miezi michache baada ya safari ya Cape, Cobham na Arthur Elliott walikuwa wanaruka Iraki kuelekea Australia. Risasi ilipigwa kutoka ardhini ikampata Elliott, akafariki Basra. Cobham aliendelea, akarudi London, na mwaka huo huo akapewa cheo cha Sir. Sina ubaya naye, alistahili. Lakini ndege iliyomfikisha Cape na kumrudisha iliruka kwa sababu kuna mtu kila kituo aliinama chini ya bawa na kuangalia waya mmoja mmoja wakati wengine wanapiga picha.

Kwa hiyo mkiniuliza historia ya anga ya Ufipa ni ya nani, nitasema ni ya marubani, sawa, lakini pia ni ya vibarua waliobomoa vichuguu na mafundi waliozungusha skrubu nusu mzunguko. Rubani anaweza kulishinda bawa zito kwa nguvu ya mkono. Fundi analifanya lisiwepo. Na gharama ya kazi ya fundi inalipwa mara moja, hapo chini, wakati gharama ya mkono inalipwa kila kilomita, kwa mafuta, mpaka Abercorn.

Haya wadau, nimewachosha. Mwenye babu au bibi kule Matai, Mwimbi au Kasanga anayekumbuka ndege za nzige, tafadhali kaa naye, muulize, andika. Wazee wetu wanaondoka na hayo hayapo maktaba. Mimi narudi kwenye madesa, mtihani haunisubiri.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.